Nani Atasukuma Mkokoteni?

Wazee wetu, akina mama, na nyinyi vijana wa Manyatta, Nyalenda na Obunga mliokuja kwa miguu na jua hili, hamjambo?

Leo tunazungumza juu ya uongozi wa kutumikia, na sanaa inavyoufundisha. Nianze kwa kujishtaki. Niliwahi kuwa mwenyekiti wa kikundi cha maigizo hapa Kisumu. Jumapili tulikuwa tukiigiza sokoni Kibuye, maana siku ya soko huna haja ya kumwalika mtu. Ngoma zilisukumwa kwa mkokoteni kutoka Manyatta. Mimi nilikuja kwa boda, shati limepigwa pasi, watu wameshajaa. Nikadhani huo ndio uenyekiti.

Siku moja wasukumaji waligoma. "Mwenyekiti, leo ngoma zinakungoja wewe." Nikausukuma. Gurudumu la kushoto lilikuwa limepinda, kila hatua kumi mkokoteni unavutia mtaroni. Ndipo nilipokumbuka: walikuwa wameniomba pesa za gurudumu mara tatu, nami nikawaambia tutaangalia.

Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Wengi wetu tunaitaja methali hii tukitukanwa tu, kama kwamba jalala ni la matusi peke yake. Jalala ndipo takataka za nyumba zote huishia, na anayekaa karibu nalo hujua kila nyumba imekula nini. Mwaka 1970 Mmarekani Robert Greenleaf, aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya simu ya AT&T, aliandika kuhusu kiongozi mtumishi. Kipimo chake: je, wanaohudumiwa wanakua? Nasi Wakenya katika Katiba ya 2010, Ibara ya 73, tuliandika kwamba afisa wa serikali amepewa jukumu la kuwatumikia wananchi, si mamlaka ya kuwatawala. (Msicheke, imeandikwa.)

Sasa, kwa nini sanaa ifundishe uongozi huo? Chukueni igizo la jukwaa huru, mtindo aliouasisi Augusto Boal wa Brazil. Mnaigiza kisa hadi pale pagumu, kisha mnasimama. Mtazamaji anaitwa aingie, achukue nafasi ya mhusika, ajaribu njia yake.

Tuliigiza kisa cha mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji. Sisi tulikuwa tumemwandalia mjane hotuba kali kuhusu haki. Akainuka mama muuza omena, akafunga leso vizuri, akaingia. Hakumwangalia shemeji hata kidogo. Alimwendea mama mkwe, akakaa chini miguuni pake, akamuuliza: "Mama, ukizeeka zaidi, nani atakuchotea maji?" Uwanja mzima ukanyamaza. Mwezeshaji wetu, yaani anayewaongoza watazamaji kuingia igizoni, kijana msomi, alifungua mdomo aeleze, nikamvuta shati. Kazi yake hapo ni kufunga mdomo, na hakuna zoezi gumu kuliko hilo kwa mtu mwenye kipaza sauti.

Kuhusu posho nitasema kidogo, kwa sababu ndiyo huvunja vikundi kuliko ukosefu wa vipaji. Ikiingia, iandikwe kwenye karatasi, ibandikwe mlangoni, shilingi kwa shilingi, pamoja na aliyochukua mwenyekiti. Mkiona aibu kuibandika, mnajua tayari kuna nini.

Nilikuwa na mengine, lakini naona mkokoteni umefika pale nje na vijana wawili tu wanahangaika nao. Viongozi wa vikundi, tutoke kwanza. Wengine mtusubiri.