Kipindi cha Wiki: Shangazi Kasahau Shoka Langu

BARAKA: Karibuni tena. Zuhura kaja kanuna, kwa hiyo leo nafungua mimi.

ZUHURA: Sijanuna. Nimefiwa.

BARAKA: Kafiwa na shoka, jamani.

ZUHURA: Niache nisimulie mwenyewe, maana ukisimulia wewe litaonekana jambo dogo. Jumanne usiku niko ndani ya lile gemu…

BARAKA: Jina!

ZUHURA: Silitaji. Tuliweka tiki kwamba tutatunza siri: hatutaji jina, hatuonyeshi picha. Lile la mtandaoni, la kukata mazimwi na kuokota nyara, ambalo bado liko kwenye majaribio ya walioalikwa tu.

BARAKA: Sasa tutasema "lile gemu, lile gemu" mpaka mwisho?

ZUHURA: Tuliite Shangazi.

BARAKA: Shangazi?

ZUHURA: Ana mali, mkali, na hujui leo ataamkaje.

BARAKA: Imepita. Endelea.

ZUHURA: Basi niko kwa Shangazi, levo ya 23, mbele ya bosi, yule adui mkuu wa sura ya pili. Kaniua mara 14. Nimeshazijua nyendo zake zote: akiinua mkono wa kushoto, unabingirika kulia, akikohoa, usibingirike, subiri. Mara ya 15 akaanguka. Ukatoka ule mwanga wa chungwa, na ile sauti…

BARAKA: Ya kengele.

ZUHURA: Kengele wapi! Kama mtu kaangusha sufuria kisimani. Shoka! Ukiua adui nalo, pigo linaruka mpaka kwa jirani yake. Nataka kulishika, linadai nguvu 58. Mimi nina 55. Nikavua mkanda wangu mzuri, nikavaa mmoja mbovu wa levo ya 6 unaoongeza nguvu tatu kamili. Damu yangu ikashuka karibu nusu, wala sikujali. Dakika tatu, Baraka. Nimeua nalo popo wanne. Wa tano nikamkata, haanguki. Anapiga mbawa palepale. Nakata, hakuna sauti. Nakata, hakuna sauti. Mara maandishi: muunganisho umepotea.

BARAKA: Shangazi kasinzia.

ZUHURA: Kasinzia, kaamka, hakumbuki kama alinipa kitu! Narudi, mlango wa bosi umefungwa, bosi mzima ndani, na mimi nimevaa ule mkanda wangu mzuri. Dakika 20 zimefutika.

BARAKA: Angalau mkanda ulirudishiwa.

ZUHURA: Usicheke.

BARAKA: Sicheki, naeleza. Seva nyingi za aina hii, zile kompyuta zinazoendesha gemu, haziandiki kila pigo lako kwenye hifadhidata papo hapo. Zinaandika kwa vipindi. Seva ikianguka katikati, inarudi ilipoandika mara ya mwisho. Na kama data za wachezaji zimeachana, ni heri irudi na watu wote. Chukulia ule mkanda ulikuwa umenipa mimi. Ukirudishwa nyuma peke yako, unao tena, na mimi ninao. Mikanda miwili. Watu wakigundua mlango huo, baada ya wiki kila mtu ana kila kitu na soko limekufa.

ZUHURA: Kwa hiyo Shangazi akisahau, asahau na ukoo mzima.

BARAKA: Ndiyo haki yenyewe hiyo. Hivi, na yule mfanyabiashara wa kambini ni nani kwake?

ZUHURA: Mumewe. Upanga wako anaununua sarafu 3, ukigeuka anauuza 900.

BARAKA: Na yule mzee wa kutambua vitu?

ZUHURA: Babu. Anajua kila kitu, ila lazima umfuate mpaka alipokaa.

BARAKA: Yule mbwa wa mawe anayeokota sarafu?

ZUHURA: Ndiye peke yake mwenye akili kwenye ile familia.

BARAKA: Na bosi wako anayekohoa?

ZUHURA: Mtoto wa mwisho wa Shangazi. Kadekezwa. Ndiyo maana kila akiuawa mama mtu anamfufua.

BARAKA: (anacheka) Haya, tusipotee. Nilikuwa na karatasi hapa: mambo matano kwa anayeingia kwenye majaribio kwa mara ya kwanza. Hatujagusa hata moja.

ZUHURA: Mpaka nimalize matanga.

BARAKA: Matanga gani? Jumapili wanafuta wahusika wote, wameandika ukurasa wa kwanza kabisa. Shoka lako lilikuwa na siku tano za kuishi.

ZUHURA: Siku tano ni siku tano.

BARAKA: Ulialikwa utafute kasoro. Umekutana na kasoro nono: seva imeanguka kwenye pango la popo, dakika chache baada ya bosi. Umeandika ripoti?

ZUHURA: Nililala.

BARAKA: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ulipewa jembe ukadhani umepewa shamba.

ZUHURA: Na mimi nakwambia, asiyeumia kwa shoka hana la maana la kuwaambia. Atahesabu kuta zinazopitika na herufi zilizokosewa. Mimi ndiye ninayejua kwamba bosi akifa tu inabidi seva iandike hapohapo, kwa sababu mimi ndiye niliyelia. Na wakubwa wanalijua hilo. Gemu la Diablo IV, majaribio ya Machi 2023: mwisho levo ya 25, wahusika wakafutwa wote, lakini ukifika levo ya 20 unapewa kale katoto ka mbwa mwitu kanakolala mgongoni, nako kakakufuata mpaka kwenye gemu kamili mwezi Juni.

BARAKA: Lile lilikuwa tangazo, si majaribio. Gemu limekaribia kukamilika, wikendi mbili, watu waingie wanogewe. Nitajie Path of Exile. Majaribio ya walioalikwa yalianza 2011, na kufuta kulikoma walipofungulia watu wote, Januari 23, 2013. Kabla ya hapo unajenga, wanabomoa. Ndivyo mtengenezaji anavyobaki huru: leo shoka linaruka, kesho haliruki. Ukishaanza kulilinda, hawezi kuligusa. Na bora Shangazi asinzie sasa kuliko siku ya harusi. Mei 15, 2012, Diablo III inatoka, watu wameshalipa, wanakutana na kosa namba 37: seva zimejaa, hakuna kuingia.

ZUHURA: Alibadilishe, sawa. Alifute Jumapili, sawa. Jumanne, hapana.

BARAKA: Tofauti iko wapi? Data ni ileile.

ZUHURA: Jumapili naliaga.

BARAKA: Utaaga data?

ZUHURA: Ndiyo, nitaaga data.

BARAKA: Siwezi kukubali hilo, dada yangu.

ZUHURA: Wala sijakuomba.

(Kimya.)

BARAKA: …Mapigano yenyewe umeyaonaje?

ZUHURA: Mazito, nayapenda. Ukikosea unajua umekosea wapi. Ila ramani ndefu mno, na ukifa unarudishwa mwanzo wake.

BARAKA: Mimi mchawi wangu wa barafu hana raha. Namgandisha adui, halafu nasimama namsubiri ayeyuke ili nimgandishe tena. Na mti wa vipaji…

ZUHURA: Baraka, kinasa kimebaki asilimia 4.

BARAKA: Aa! Na mambo matano?

ZUHURA: Sema moja.

BARAKA: La kwanza: kabla hujaweka tiki, soma yale masharti yote ya…

ZUHURA: Wewe ulisoma?

BARAKA: …Tukutane wiki ijayo.

ZUHURA: Nguvu 58, jamani. Nilikuwa na 55.

BARAKA: Zima, zima.