Fosforasi Haiji, Mzizi Huifuata

Ndugu zangu, huu ni mche wa mahindi, nimeung'oa asubuhi ya leo. Nimeutikisa mara kadhaa, lakini tazameni: udongo bado umeng'ang'ania. Umeshikwa na vinyweleo vya mizizi, vyembamba kuliko unywele wa kichwani, na bila hivyo mche huu ungekuwa na njaa ya fosforasi, kirutubisho ambacho kila mmea unakihitaji.

Naitreti, yaani nitrojeni iliyoyeyuka udongoni, husafiri na maji. Mmea ukinywa, nayo inafika. Fosforasi sivyo. Mzizi huinyonya ikiwa fosfeti, yaani fosforasi iliyoungana na oksijeni, na fosfeti hunata. Kwenye udongo wenye tindikali hukamatwa na chuma na alumini. Kwenye udongo wa chokaa hukamatwa na kalisi. Ile kidogo iliyobaki majini hujikokota mno, hata mzizi ukishamaliza ya jirani huzungukwa na ukanda mtupu wa milimita 1 au 2. Ng'ambo ya ukanda huo ghala limejaa, na mmea unadhoofika.

Hata ikigusa mzizi, haipenyi yenyewe. Ndani ya seli fosfeti ni nyingi kuliko nje mara 1,000 au zaidi, kwa hiyo ni kama kupandisha maji mlimani. Seli hutumia nguvu kusukuma nje protoni, chembe ndogo zenye chaji chanya. Protoni zikirudi kupitia milango maalumu ya protini, huingia na fosfeti. Mimi jambo hili hunistaajabisha kila nikilifikiria.

Lupini nyeupe, mmea wa jamii ya kunde, huotesha vishada vya vijizizi vinavyomwaga asidi ya sitiriki, ikaibandua fosfeti kwenye chuma. Lakini mimea mingi hutegemea kuvu. Nyuzi zake huvuka ukanda mtupu, zikaenda sentimita kadhaa na kurudi na fosfeti. Mmea hulipa kwa sukari na mafuta. Ushirika huu ni wa kale: mabaki ya mimea yaliyogeuka mawe ya Rhynie, Uskoti, yenye miaka milioni 400 hivi, yana kuvu ndani ya mimea ambayo haikuwa hata na mizizi ya kweli. Ukimwaga mbolea ya fosfeti kupita kiasi, mmea humpunguzia kuvu posho.

Mmoja wenu ameuliza kwa nini miche hugeuka zambarau, dalili ya njaa ya fosforasi, wakati wa baridi ilhali mbolea imewekwa. Baridi hudumaza mizizi, nayo fosfeti haitaifuata. Udongo ukipata joto, mizizi ikarefuka, majani mapya hutoka ya kijani bila kuongeza hata punje moja ya mbolea.