Panda Juu ya Paa Kwanza

Mbukwenyi! Ahsanteni. Walimu na mafundi wenzangu, nimeombwa nizungumzie jambo moja tu: majengo mawili yanatazamana, intaneti imefika kwenye moja, la pili linasuasua. Hapa Dodoma mji umepanuka haraka tangu serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, na wengi wameongeza jengo la pili bila kufikiria waya utapita wapi.

Nianze na aibu yangu. Nilikuwa na mteja mwenye ofisi na ghala, kati yake mita 300 hivi. Nikafunga dishi mbili za kurushiana intaneti bila waya kwa mawimbi ya gigahezi 5.8, nikalenga, linki, yaani mawasiliano kati ya dishi hizo, ikashika, nikalipwa. Baada ya wiki, simu: "Fundi, mtandao umekufa." Nafika, uko hai. Narudi nyumbani, umekufa tena. Nikabadilisha adapta, nikabadilisha waya, nikailaumu rauta ya watu bure. Aliyetegua kitendawili ni mzee mlinzi: "Mwanangu, hiki kitu kinakufa siku maji yakitoka."

Nikacheka. Kisha nikapanda juu ya paa. Jirani alikuwa ameweka tenki la plastiki la lita 2,000 juu ya mnara wa matofali, katikati kabisa ya njia. Likiwa tupu, mawimbi yanapita kana kwamba halipo. Siku ya mgao linajaa, na maji yanayanyonya mawimbi hayo vibaya sana. Watu wakishaoga na kufua, tenki linashuka, mtandao unarudi! Tukahamisha dishi upande wa pili wa paa, mita nne tu, ikaisha. Yule mzee mpaka leo ananiita fundi wa maji.

Tatizo lingine ni hili: wengi wanadhani ukiliona dishi la pili kwa macho, imetosha. Haitoshi. Mawimbi hayapiti kama uzi. Yanahitaji nafasi iliyotuna katikati, kama papai refu lililolazwa kutoka dishi hadi dishi. Kwa mita 300 na gigahezi 5.8, unene wa papai hilo pale katikati ni karibu mita 4. Kwa gigahezi 2.4 ni kama mita 6. Likimegwa kidogo pembeni linki inavumilia, likimegwa sana inayumba. Ndiyo maana tawi la mwarobaini ambalo halizibi macho yako bado linakuibia.

Na miti ya huku ni midanganyifu. Pima mwezi wa Agosti: mbuyu uko uchi, unaona mpaka ng'ambo. Mvua zikishika Desemba unavaa majani, na jani bichi limejaa maji. Kwa hiyo nikipima kiangazi napandisha bomba juu zaidi ya ninavyoona inatosha, nalifunga nyaya za kulishikilia pande tatu. Upepo wetu hauna adabu. Bomba likicheza, dishi lenye mwale mwembamba linapoteza shabaha.

Mwalimu mmoja ameniuliza pale mlangoni kama aongeze nguvu ya kurusha mpaka mwisho. Hapana, mwalimu. Majengo yako yako mita 60, dishi zako zinapigiana kelele sikioni. Punguza mpaka kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayopokelewa (dBm) kisome hasi 50 au hasi 55. Na hiyo ni hasi, jamani! Nimewahi kumkuta kijana anashangilia hasi 80 kwa kuwa 80 ni kubwa kuliko 50. Upana wa chaneli, yaani kipande cha masafa ambacho dishi zinatumia, nao upunguze: megahezi 20 au 40 zilizotulia ni bora kuliko 80 zinazogombana na kila waifai ya mtaa.

Lakini kwa mita 60, mimi ningechimba mtaro. Waya wa mtandao wa shaba ungefika, maana kikomo chake ni mita 100, ila siupendi kati ya majengo: radi ikipiga jirani, umeme unapita humo na kuunguza swichi za mtandao za pande zote mbili. Laza faiba ndani ya bomba la plastiki. Ni kioo, haipitishi umeme. Pesa nyingi itakwenda kwa vibarua, basi wachimbe Februari udongo ukiwa umelowa. Ukisubiri Septemba, sururu inatoa cheche.