Ihoji Picha Kabla ya Kutafuta Ugonjwa

Ndugu zangu matabibu na wauguzi, asanteni kwa kuja na baridi hii ya Mbeya. Tazameni picha ya kwanza ya eksirei ya kifua. Wengi mmenijibu: kivuli sehemu ya juu ya pafu la kulia, kifua kikuu. Kile ni nywele. Mama huyu alikuwa amesuka rasta ndefu, na hakuna aliyemwambia azifunge juu ya kichwa. Angeanzishiwa dawa za miezi 6 kwa sababu ya msuko, na hilo linaniuma.

Mionzi ya eksirei hupenya hewa kwa urahisi, ndiyo maana mapafu huonekana meusi. Mfupa huizuia, ukawa mweupe. Lakini maji, usaha, damu na nyama ya moyo vyote hutoa rangi ileile. Picha inakuonyesha tu kwamba mahali pa hewa pamekaliwa. Kilichopakalia utakijua kwa mgonjwa mwenyewe na kwa vipimo.

Kwa hiyo anza na jina, tarehe na alama ya upande, kulia au kushoto. Kisha angalia mitulinga, ile mifupa miwili ya juu ya kifua iendayo mabegani: ncha zake za ndani ziwe umbali sawa kutoka katikati ya uti wa mgongo, la sivyo mgonjwa alikuwa amejigeuza. Hesabu mbavu za nyuma. 9 au 10 zionekane juu ya kiwambo, msuli unaotenga kifua na tumbo. Asiyevuta pumzi vizuri, mapafu yake hujikunja chini, nawe ukaandika nimonia isiyokuwepo. Uliza pia mionzi iliingilia wapi. Kwa mtu mzima aliyesimama, ikiingilia mgongoni, moyo usizidi nusu ya upana wa kifua. Mgonjwa aliyepigwa picha kitandani, mionzi ikiingilia mbele, moyo wake hutanuka pichani tu.

Baada ya hapo peleka macho panapojificha vitu: nyuma ya moyo, nyuma ya mitulinga, na pembe za kiwambo. Pembe huanza kufutika maji yaliyojaa kifuani yakifika kama mililita 200, basi pembe kali isikutulize kabisa.

Sasa, wachimbaji wa dhahabu wa Chunya, hapa mkoani kwetu. Vumbi la mawe huacha vidoa vidogo sehemu za juu za mapafu yote mawili, vinavyofanana mno na kifua kikuu. Tena mapafu yaliyoharibiwa na vumbi hilo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Muulize kazi yake, na miaka aliyokaa shimoni. Kisha makohozi yaende maabara, hata kama picha imekushawishi.