Gunia la Mchele na Mpango wa 2030

Walimu wangu, wanafunzi, asalaam aleikum. Nimeitwa nizungumzie mpango wa Komoro wa kupunguza umaskini na kufufua uchumi. Niruhusuni nianze na gunia la mchele.

Gunia hilo limetoka Asia. Meli kubwa ikifika Moroni, mji mkuu ulioko kisiwa cha Ngazidja, haifungi gatini, kina hakitoshi. Hutia nanga nje, mzigo ukateremshwa kwenye matishari, yaani mashua bapa za mizigo, nayo yakauleta pwani kidogokidogo. Bahari ikichafuka kazi husimama, ila gharama za kusubiri hazisimami. Bandari ya Mutsamudu, kule kisiwa cha Nzwani, ina kina, lakini walaji wengi wako Ngazidja, kwa hiyo utalipa safari ya pili. Mwisho wa yote anayelipa ni mama anayepimiwa kilo mbili dukani, na mara nyingi fedha yenyewe katumiwa na mwanawe aliyeko Marseille.

Sasa tazameni mpango. Desemba 2019 wafadhili walikutana Paris, wakaahidi zaidi ya yuro bilioni 3, ili Komoro iwe nchi inayoibukia, yaani inayotoka kwenye umaskini na kukua kiuchumi, ifikapo 2030. Kimbunga Kenneth kilikuwa kimeipiga Ngazidja mwezi Aprili mwaka uleule. Miezi michache baada ya mkutano, Uviko ukafunga viwanja vya ndege. Sitaki kuwacheka wapangaji, msiba ule haukumchagua mtu. Ila utalii ulipewa kiti cha mbele mno kwa nchi ambayo mchele wake bado unashushwa kwa tishari.

Na msamaha wa madeni? Ulikuja Desemba 2012, ukapunguza mzigo wa hazina. Bandari haikuongezeka kina.

Mtu ataniambia: basi wauze zaidi nje. Wauze nini? Vanila, karafuu na mafuta ya langilangi, ua la kutengenezea manukato, ndiyo mauzo karibu yote. Bei zikianguka, serikali haiwezi kushusha thamani ya sarafu ili kumwokoa mkulima, kwani thamani ya faranga ya Komoro imefungwa kwenye yuro. (Binafsi naona kufungwa huko kumewaepusha na mfumuko mbaya wa bei, lakini hilo lina mhadhara wake.)

Langilangi ina siri nyingine. Maua huchumwa alfajiri, hutiwa kwenye mtungi wa chuma, na moto huwaka chini kwa saa nyingi ili mvuke utoe mafuta. Kuni zinazoteketea huwa nzito mara kadhaa kuliko maua yenyewe. Nzwani wamekata miti mpaka mito iliyokuwa ikitiririka mwaka mzima sasa hukauka kiangazi. Zao linaloingiza yuro linaondoa maji ya kunyweshea ndizi na muhogo, na muhogo ukipungua, mama anarudi dukani kwenye lile gunia.

Ndiyo maana ningepewa mimi fungu la kwanza la fedha za Paris, lingegawanywa kati ya gati la Moroni na majiko yanayokula kuni chache. Hoteli ningezipanga foleni.

Kijana wa nyuma umenyoosha mkono tangu nilipotaja Mutsamudu. Haya, sema.