Seva Nayo Ina Haki ya Kukuuliza Wewe Ni Nani

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja, na ninyi mliokosa viti mkasimama huko nyuma, asanteni zaidi.

Leo tunazungumzia namna programu inavyojitambulisha kwa seva kwa cheti. Nianze na lililonikuta. Niliwahi kukabidhiwa programu iliyokuwa ikipeleka faili za malipo kila usiku. Nilipofungua msimbo wake, nikakuta nenosiri limeandikwa mle mle, wazi kabisa. Kila aliyewahi kupita katika ofisi ile alikuwa na nakala. Usiku huo sikulala vizuri, kwa sababu mtu akishalijua nenosiri lako, mbele ya seva yeye ndiye wewe.

FTP, ile njia ya kupeleka faili mtandaoni, ya mwaka 1985 ilipitisha jina na nenosiri bila kificho chochote. Mwaka 2005 ikatoka RFC 4217, waraka wa viwango vya intaneti unaoeleza namna ya kuilinda kwa TLS, yaani utaratibu wa kusimba mazungumzo ya mtandaoni: programu inabisha hodi mlango wa 21 wa seva, inatuma amri AUTH TLS, na usimbaji unaanza. Hapo seva huonyesha cheti chake, yaani hati ya kidijitali inayosema yeye ni nani. Hilo wengi mnalijua. Lakini seva inaweza pia kusema: na wewe lete chako. Programu yako itatoa cheti, kisha itatia sahihi kwenye mazungumzo hayo kwa ufunguo wa siri unaoendana na cheti hicho. Nawaomba mlishike hili: cheti chenyewe si siri, na ufunguo hausafiri kamwe. Kinachosafiri ni sahihi, nayo imefungwa kwa mazungumzo haya tu. Akiidaka mtu leo, kesho haimfai kitu.

Kwa lugha ya programu ya Python, tazameni hapa ukutani:

muktadha = ssl.create_default_context(cafile="mamlaka.pem")
muktadha.load_cert_chain("mteja.pem", "mteja.key")
ftp = FTP_TLS(context=muktadha)

Mistari mitatu tu: wa kwanza unatengeneza muktadha, yaani mipangilio ya TLS, na kuutajia mamlaka ya vyeti tunayoiamini; wa pili unaupa cheti na ufunguo wetu; wa tatu unaukabidhi kwa FTP_TLS. Wa kwanza ndio unaorukwa sana, na unaniuma kila nikiona umerukwa. Ukiita FTP_TLS bila kuipa muktadha, Python haikagui cheti cha seva hata kidogo. Utasimba faili zako kwa ustadi mkubwa, kisha umkabidhi yeyote aliyejiweka katikati ya njia. Baada ya kuunganisha na kuingia, iteni ftp.prot_p(). Msipoiita, amri zitapita zimesimbwa, ila faili lenyewe litapita uchi.

Kuna jambo lililonitesa siku mbili nzima. Katika TLS 1.3, mteja, yaani programu yako, humaliza salamu za kuanzisha muunganisho kwa upande wake kabla hajajua kama cheti chake kimekubaliwa. Kwa hiyo utaona muunganisho umefaulu, ufurahi, halafu kosa likutokee mbele, pale programu inaposoma jibu la kwanza. Nilikuwa nalaumu ngome ya mtandao (firewall), kumbe cheti kilikwisha muda wake juzi yake. Tangu hapo kila programu yangu husoma tarehe ya mwisho ya cheti na kunipigia kelele siku 30 kabla.

Sasa huo ufunguo. Mshirika mmoja alinitumia barua pepe yenye faili la .p12, cheti na ufunguo pamoja, na nenosiri la kulifungulia likiwa kwenye barua ile ile. Alikuwa na nia njema, lakini niliukataa. Ufunguo uliopita kwenye barua pepe tayari una nakala nisizoweza kuzihesabu. Nikatengeneza mwingine kwenye seva yetu wenyewe, nikaupa ruhusa 600 ili asome mwenye akaunti ya programu peke yake, nikamtumia ombi la cheti tu, yaani faili la kumwomba atoe cheti. Ombi lina ufunguo wa wazi, ule pacha wa ufunguo wa siri ambao kila mtu anaweza kuuona. Halina cha kuibiwa. Ilichukua dakika chache.

Fungueni kompyuta zenu. Tutatengeneza ufunguo na ombi la kwanza pamoja, na asiyekuwa na openssl, ile zana ya kutengenezea funguo na maombi, anyooshe mkono nije.