Ninong Si Mlezi: Mfanyabiashara Mdogo wa Ufilipino na Daftari Lake

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wanafunzi na wageni waalikwa,

Wale walionisikia mwaka jana wanajua nitaanzia wapi, nao wanivumilie, kwa kuwa kila ninapoitwa kuzungumzia wajasiriamali wa Ufilipino huulizwa habari za mitaji, na kila mara hunibidi kueleza kwamba mtaji si jambo la kwanza. Takwimu za nchi ile mnazo: zaidi ya asilimia 99 ya biashara zinazohesabiwa na serikali ni ndogo na za kati, na takribani tisa katika kila kumi ni ndogo kabisa. Sitazirudia. Swali langu ni nani anayeketi na wenye biashara hizo, akazitazama hesabu zao na kuwaambia wanapokosea; mtu huyo ndiye ninayemwita mlezi.

Niruhusuni nianze na aiskrimu. Mwaka 1975 Tony Tan Caktiong, kijana wa miaka 22 aliyesomea uhandisi wa kemikali, mtoto wa mpishi aliyehamia kutoka Fujian, alifungua duka la aiskrimu huko Cubao, Quezon City, akiuza kwa jina la Magnolia, chapa iliyokuwa ikijulikana nchi nzima. Baadaye wateja wakaanza kuulizia chakula cha moto, naye akawaongezea baga na sandwichi pembeni, kama mwenye mgahawa yeyote anavyoongeza sambusa anapoona chai peke yake hailipi. Hapo ndipo alipoingia Manuel Lumba, mshauri wa uendeshaji wa biashara, ambaye alilichunguza soko akaona kwamba kile kilichowekwa pembeni ndicho kilichokuwa na wanunuzi wengi zaidi, na kwamba aiskrimu ndiyo iliyopaswa kusogea. Mwaka 1978 kampuni ikasajiliwa kwa jina la Jollibee, ikiwa sasa ya migahawa ya baga. McDonald's ilipofika Manila mwaka 1981 ilimkuta mtu ambaye amekwisha kujua Mfilipino anataka baga yenye ladha gani.

Najua mtakaloniambia, kwa sababu huambiwa kila ninapokwenda: wateja ndio waliomwonyesha njia, sasa Lumba aliongeza nini? Ndugu zangu, mteja husema anachotaka kula leo, basi. Sijapata kumwona mteja anayemwambia mwenye duka ateremshe kibao chake chenye jina la duka, wala anayemuuliza majokofu yake yanakula umeme wa kiasi gani kwa faida ipi. Maswali ya namna hiyo huulizwa na mtu wa nje asiyekuwa na uchungu na kibao, kwa kuwa mwenye duka amekwisha kukipenda. Wengine hunibishia kwamba Lumba alikuwa mshauri tu, si mlezi. Kwa taaluma, naam. Lakini wanaosimulia historia ya kampuni ile humtaja kuwa mlezi wa kwanza wa Tan Caktiong katika biashara, nami sioni walipokosea. Mshauri hukabidhi ripoti akaenda zake, ilhali mlezi hurudi kuuliza ripoti ile imefanyiwa nini.

Sasa tuingie mtaani, maana si kila mtu ni Tan Caktiong. Duka la sari-sari, yaani kiduka cha rejareja cha mtaani, mara nyingi ni dirisha la nyumba lililowekwa wavu wa chuma, na nyuma ya wavu zimening'inia pakti za shampuu zilizoungana kama mkanda, ambazo mwenye duka hukata moja moja. Sigara huuzwa moja moja vilevile, na mafuta ya kula hupimwa kwa kiasi cha kukaangia siku hiyo. Ununuzi huo wa kidogo kidogo wenyewe wanauita tingi. Ndani kuna daftari la madeni, listahan, ambamo majirani huandikwa hadi siku ya mshahara. Mama mwenye duka anajua kwa kichwa nani anadaiwa peso ngapi, lakini mara nyingi hajui ni pakti ngapi za tambi na makopo mangapi ya dagaa yaliyotoka kwenye rafu ile ile yakaingia jikoni kwake bila kuandikwa popote. Bidhaa zikipungua humwendea mkopeshaji wa tano-sita, ambaye ukichukua peso 5,000 unamrudishia 6,000, naye hupita kwa pikipiki kukusanya chake kidogo kidogo. Mpeni mama huyo mkopo wa riba nafuu, nao utapitia kwenye tundu lile lile. Mpeni mtu wa kuketi naye saa mbili juu ya daftari lile, akamtenganishia fedha ya duka na fedha ya jikoni, ndipo mkopo utakuwa na maana.

Watu wa huko hunijibu kwamba wao hawakosi wakubwa wa kuwashika mkono. Ni kweli. Mfilipino anapooa au anapombatizisha mtoto huchagua ninong, yaani baba wa ubatizo au msimamizi wa ndoa, na wengi humchagua meya, diwani au mwenye kiwanda, kwa matumaini kwamba ipo siku mlango fulani utafunguka. Silidharau jambo hilo, maana hata sisi tunafahamu thamani ya kujuana na mtu. Lakini ninong hutoa bahasha na barua ya utambulisho, daftari halifungui. Zaidi ya hayo, fadhila yake huzaa kile wanachokiita utang na loob, deni la nafsini lisilo na risiti wala tarehe ya mwisho, na mwenye deni hilo hathubutu kumwambia mkubwa wake kwamba shauri lake limemtia hasara. Ukiongeza aibu, ambayo kwa lugha yao ni hiya, mtu huficha kwamba biashara imemshinda mpaka rafu ziwe tupu. Kwa hiyo mimi, nikitaka kujua kama fulani ana mlezi, humuuliza mara ya mwisho alibishana naye lini.

Kuhusu serikali nitapita haraka. Sheria ya Jamhuri namba 10644 ya mwaka 2014 iliagiza vituo vya Negosyo, yaani vya kuwahudumia wenye biashara ndogo, vianzishwe katika mikoa, miji na manispaa zote. Go Negosyo, asasi ya kuhamasisha ujasiriamali iliyoasisiwa na Joey Concepcion mwaka 2005, iliungana na Wizara ya Biashara na Viwanda mwaka 2016 kuanzisha mpango wa mafunzo wa Kapatid Mentor ME, na kapatid maana yake ni ndugu. Washiriki hufundishwa masoko, hesabu, kodi na mikataba, kisha huwasilisha mpango wa kuboresha biashara zao. Ni kazi njema, ila ukiwa darasani huioni rafu ya mtu.

Mwenyekiti amekwisha kunionyesha saa mara mbili. Nilikusudia kueleza kwa kirefu habari za Wafilipino wanaorudi kutoka kufanya kazi Riyadh, Dubai na Hong Kong, ambao akiba ya miaka mingi huishia katika duka la sari-sari kwenye mtaa wenye maduka matano tayari, bila mtu wa kuwatuma kwanza wakayahesabu. Hilo, pamoja na lile la nani awalipe walezi nauli, tuliache kwa ajili ya kipindi cha maswali.